Malindi: watalii kwanza au viwanda kwanza?

Watu wa Malindi tulio Nairobi hatukosi la kubishania, na ubishi usiokwisha ni huu: mji wetu umelala, uamshwe na nini? Ukikaa Majengo ya Pumwani baada ya swala ya Ijumaa utawasikia wazee wakisimulia enzi za Waitaliano, ndege zikishusha watu Mombasa na mabasi yakiwapandisha hadi Malindi, dereva wa teksi akajenga nyumba ya mawe kwa pesa za misimu michache. Ukivuka mji hadi South C, vijana wanaofanya kazi benki au kwenye bandari ya nchi kavu ya Embakasi watakuambia utalii ulishazikwa na matanga yameanuliwa. Wao wanataka kiwanda, ghala na mwekezaji mwenye mtaji.

Ubishi huu si wa kupitisha wakati tu. Wengi wetu tunapiga kura nyumbani, tunatuma pesa nyumbani, na vyama vyetu vya akiba vinatafuta mahali pa kuweka kitu kabla hakijaliwa na kodi ya nyumba ya Nairobi. Kwa hiyo nimezipambanisha njia hizi mbili kwa mji mmoja ninaoujua, Malindi, na majirani zake Kilifi, Watamu, Diani na Lamu wakiwa mashahidi. Niseme mapema kwamba naegemea upande wa biashara, ila si biashara ile ya kukata utepe.

Wapo wanaosema kwa nini tuchague, tuchukue vyote. Jibu hilo ni tamu mpaka siku ya kugawa. Bajeti ya Kaunti ya Kilifi ni moja. Ufuo ni mmoja. Maji yanayotoka visima vya Baricho, kando ya mto Sabaki, ni hayo hayo yanayonywewa Malindi, Kilifi na Mombasa. Mwenye hoteli ya bwawa la kuogelea na mwenye kiwanda cha kukamua maembe wanatazama bomba moja, na lazima mmoja atangulie kukinga.

Mwezi wa Mei unamlipa nani?

Hili ndilo swali ninaloupima nalo mradi wowote wa Pwani. Aprili kusi inaanza kuvuma, bahari inachafuka, mwani unajaa ufuoni, kisha masika inashuka. Hoteli nyingi hupunguza wafanyakazi, nyingine hufunga mlango kabisa mpaka Julai. Mpishi, mhudumu, mfua nguo na mlinzi hupewa likizo isiyo na malipo, na baadhi yao ndio hawa tunaowapokea hapa Nairobi wakitafuta kibarua cha miezi miwili. Wenye hoteli wanaipenda sana methali ya mgeni njoo mwenyeji apone. Mei mgeni haji.

Msimu wenyewe ni mfupi kuliko tunavyoukumbuka. Wazungu hufuata kaskazi, Desemba hadi Machi, na Waitaliano wana Agosti yao. Sisi wa bara hushuka Krismasi, Pasaka na watoto wakifunga shule. Tangu Madaraka Express ianze mwaka 2017, kushuka Pwani kumekuwa rahisi, lakini treni inaishia Mombasa. Malindi iko takriban kilomita 120 mbele, na familia iliyobeba watoto na masanduku huona Nyali au Diani panatosha. Ndege za moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Malindi zipo, ila si kila mfuko unaziweza.

Juu ya msimu kuna mishtuko. Fujo za Likoni za Agosti 1997. Bomu la hoteli ya Kikambala, Novemba 2002. Ghasia za baada ya uchaguzi, mwisho wa 2007 na mwanzo wa 2008. Watalii waliotekwa upande wa Lamu mwaka 2011. Mei 2014, kampuni za utalii za Uingereza ziliwarudisha wateja wao kutoka Mombasa kabla likizo zao hazijaisha, na mwezi uliofuata Mpeketoni ikashambuliwa. Kisha Machi 2020 anga ikafungwa kwa sababu ya korona mpaka Agosti. Hakuna hata moja kati ya haya lililoanzia Malindi mjini, na yote yaliifunga Malindi. Kwa mtu aliye London au Milano, kutoka Vanga, mpakani na Tanzania, hadi Kiunga, karibu na Somalia, ni mahali pamoja. Na hata nchi ikitulia, inatosha uchumi wa Italia uyumbe, kama ulivyoyumba baada ya 2008, mji wetu ukohoe.

Basi kiwanda? Wanaodhani kiwanda hakina msimu hawajafika Gongoni. Kaskazini ya Malindi, kutoka Gongoni hadi Kurawa na Marereni, kuna mashamba ya chumvi yanayoanika maji ya bahari kwenye mabwawa. Chumvi hiyo inategemea jua. Masika ikishuka haivunwi, na kibarua wa chumvi hukaa nyumbani mwezi ule ule anaokaa mhudumu wa hoteli. Maembe nayo yana miezi yake: ngowe na boribo huiva kwa pamoja, malori ya mabroka wa Nairobi hufika yakiwa na bei zao mkononi, na yanayobaki huoza chini ya miembe. Kiwanda cha maembe peke yake kingefanya kazi robo ya mwaka. Ili kilipe mishahara ya Mei, lazima kiwe na chumba cha baridi na kishughulikie nazi, korosho na samaki pia. Swali hili la Mei, wanaotangaza viwanda kwenye mabango hawalipendi.

Kuna jambo moja ambalo wazee wa Majengo hawalisemi na ambalo linaupa utalii nafuu kidogo. Mwaka wa fedha wa serikali unaisha tarehe 30 Juni. Ofisi zenye pesa ambazo hazijatumika huanza kuzihangaikia Mei, na njia rahisi ni semina ya siku nne ufuoni. Wageni hao hawaoti jua, wanavaa beji na kuchelewa chai, lakini wanalipa vyumba wakati hakuna mwingine anayelipa. Hoteli ya Malindi yenye ukumbi mzuri na intaneti isiyokatika ina nafasi kuliko yenye bwawa la pili. Sijui kwa nini waziri wa utalii wa kaunti, awe nani, huenda maonyesho ya Ulaya kabla ya kupita ofisi za serikali za Upper Hill hapa Nairobi.

Pesa inalala wapi?

Hapa pande zote mbili zinadanganyana, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Tuanze na watalii. Mgeni akilipia safari yake yote Ulaya, ndege, chumba na chakula, sehemu kubwa ya pesa hiyo haipandi ndege. Akifika, akaenda kuona matumbawe kwenye Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968 pamoja na ya Watamu, kiingilio kinakwenda Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, la taifa. Akienda magofu ya Gede, au nguzo ya Vasco da Gama aliyetia nanga kwetu mwaka 1498, tiketi ni ya Makavazi ya Kitaifa. Ushuru wa asilimia 2 wa mauzo ya hoteli na mikahawa unaingia Mfuko wa Utalii, nao pia ni wa taifa. Linganisha na Narok: Maasai Mara ni hifadhi iliyo chini ya kaunti, kwa hiyo kiingilio chake kinaingia hazina ya kaunti. Sisi tunabaki na leseni za biashara, kodi za ardhi na ada za maegesho. Mtu akikuambia utalii utaijenga Malindi kama ulivyoijenga Narok, mwulize kwa risiti gani.

Tukienda kwa wawekezaji, mambo hayabadiliki sana. Kiwanda kilicho kwenye ukanda wa usindikaji wa bidhaa za kuuza nje hakilipi kodi ya mapato kwa miaka 10 ya kwanza. Kilicho kwenye ukanda maalumu wa kiuchumi hulipa asilimia 10 kwa miaka 10, kisha 15 kwa 10 mingine, wakati kampuni ya kawaida inalipa 30. Na hata hiyo asilimia 10 ni ya Nairobi. Madini ndiyo yenye fomula iliyoandikwa: Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii iliyo kwenye mgodi. Watu wa Kwale, walikokuwa na mgodi, wamelalamika kwa miaka kwamba hiyo 10 imeandikwa vizuri kuliko ilivyolipwa.

Kwa hiyo kodi tuiweke kando. Kinachobaki mjini ni mishahara, manunuzi na kodi za nyumba. Katika hili utalii una sifa ambayo ni lazima niikubali. Pesa ya mtalii ni rasharasha, inamdondokea kila mtu. Dereva wa tuktuk, fundi wa makuti, mvuvi mwenye kamba mawe, mchonga vinyago, mama mwenye kibanda cha mahamri, hata bichi boi aliyejifunza Kitaliano kwa masikio tu: hakuna anayeulizwa cheti. Kiwanda kina geti, na nyuma ya geti kuna orodha ya majina. Tatizo la rasharasha ni kwamba hailoweshi. Miaka hamsini ya watalii imetuachia watu wengi wanaojua kupata cha leo na wachache wenye bima, pensheni au hesabu ambayo benki inaweza kuisoma.

Manunuzi nayo yanatoka nje kuliko tunavyodhani. Viazi na karoti za hoteli havilimwi Malindi, vinapitia soko la Kongowea, Mombasa. Nyama nzuri na maziwa ya paketi hutoka bara. Mkaguzi wa haraka wa mradi wowote, wa kitalii au wa viwanda, ni gari la mizigo linaloingia asubuhi kwenye lango lake: limetoka wapi?

Utalii una hesabu nyingine ambayo haiko kwenye leja, na kuipita kimya si haki. Utafiti wa UNICEF na serikali wa mwaka 2006 kuhusu biashara ya ngono na watoto Pwani uliitaja Malindi miongoni mwa maeneo uliyoyachunguza. Unga, yaani heroini, umewamaliza vijana wa mitaa tuliyokulia. Si utalii peke yake ulioyaleta haya, lakini mji ambao kijana wa miaka 15 anaona pesa ya haraka iko ufuoni na shule haina haraka, unalipa gharama hiyo kwa vizazi.

Ardhi

Kwa upande wa viwanda, ushahidi uko karibu na nyumbani. Mwaka 2005 Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilisikiliza wakazi wa Magarini, eneo lenye Gongoni, kuhusu mashamba ya chumvi, na ripoti yake ya 2006 ina malalamiko ya watu kuhamishwa, visima kuingia chumvi, mikoko kukatwa na vibarua kulipwa kidogo. Chumvi hiyo iko jikoni mwetu hapa Nairobi. Ajira zipo, sikatai, lakini ukiipima kwa eka, ni ajira chache kwa ardhi kubwa mno.

Kwa upande wa utalii, ardhi ya mbele ya bahari ilikatwa ploti, ikajengwa majumba ya wageni yanayokaliwa wiki chache kwa mwaka. Katiba ya 2010 inasema asiye raia hawezi kumiliki zaidi ya ukodishaji wa miaka 99, ila 99 ni maisha ya mtu na ya mwanawe. Njia za wavuvi kushukia pwani zimebanwa kati ya kuta. Hoteli zilizofungwa nazo zimesimama, milango imeng'olewa, kesi ziko mahakamani.

Tofauti ninayoiona ni ya kurudi nyuma. Hoteli iliyokufa inaweza kuwa chuo, hospitali au nyumba za kupanga. Vyumba, maji na stima viko tayari. Bwawa la chumvi haligeuki shamba la miembe kwa maisha yetu. Hapa utalii unashinda, na unashinda wazi.

Bahari, kwa ufupi

Mto Nairobi unaingia Athi, Athi inaitwa Galana ikivuka Tsavo, na Galana inaitwa Sabaki ikimwagika kaskazini ya Malindi. Udongo wa mashamba ya Ukambani, pamoja na taka zetu za hapa mjini, hutokea kwenye ghuba yetu. Wakati wa kaskazi mkondo unaushusha kusini, mbele ya mji, yaani miezi ile ile ya watalii maji huwa ya kahawia. Mchanga umejaa kiasi kwamba hoteli zilizojengwa kando ya maji sasa zinatazama maji kwa mbali. Hakuna bajeti ya matangazo itakayosafisha hilo kutoka Malindi. Linasafishwa Machakos na hapa Nairobi.

Miradi mikubwa huidhuru bahari kwa njia nyingine. Bandari ya Lamu ilipochimbwa, wavuvi walikwenda Mahakama Kuu, na mwaka 2018 majaji wakaamua walipwe shilingi bilioni 1.76, wavuvi wapatao 4,600. Mwaka 2024 watu wa Uyombo, karibu na Watamu na mkondo wa Mida, waliandamana kupinga mtambo wa nyuklia na wakakutana na polisi. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa Lamu ulizimwa mwaka 2019, leseni ikafutwa na Jopo la Kitaifa la Mazingira. Ukiangalia miradi hii yote mitatu, hakuna hata mmoja ulioanzia kwenye kitu ambacho watu wa pale walikuwa wanakifanya tayari.

Kwale walijaribu zote mbili

Kusini ya Mombasa kuna kaunti iliyoziweka njia hizi mbili mwendo wa saa moja baina yao. Diani ina ufuo na uwanja wake mdogo wa ndege pale Ukunda. Upande wa bara kulikuwa na mgodi wa Base Titanium, ulioanza kusafirisha madini mwaka 2014. Korona ilipokuja, Diani ilinyamaza na meli za madini ziliendelea kupakia Likoni. Mwaka huo ungewauliza Wakwale wachague nini, jibu lilikuwa mgodi. Desemba 2024 mgodi ukafunga, madini yamekwisha, wafanyakazi wakarudisha kofia zao, na Diani ilikuwa katikati ya msimu.

Wengi huishia hapo na kusema ngoma sare. Mimi naona tofauti moja kubwa: mgodi ulitoa notisi. Mwisho wake ulijulikana miaka kabla, na aliyetaka kusomea kazi nyingine alipata muda. Mshtuko wa utalii hufika asubuhi kwa redio. Kwa mtu anayelipa karo kwa muhula, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya mshahara.

Wale vijana wa South C wasifurahi mapema. Mwaka 2019 Mombasa iliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu kwa sababu mizigo ilikuwa inalazimishwa kupanda reli hadi Embakasi. Madereva wa malori, gereji, maghala na vibanda vya chakula kando ya barabara vilikuwa vinafungwa kwa agizo kutoka Nairobi. Kazi yao wenyewe ya bandari kavu ilitoka Pwani. Mwekezaji naye anaweza kuhamishwa kwa barua, kama mtalii anavyohamishwa na onyo la ubalozi. Na ahadi kubwa ndizo zinazoanguka kwa kishindo: mradi wa kilimo wa Galana-Kulalu, uliozinduliwa 2014, ulitangazwa kwa eka milioni moja za umwagiliaji na ukahangaika na shamba la mfano la eka 10,000. Kiwanda cha korosho cha Kilifi kilichojengwa miaka ya 1970 kilibinafsishwa na kufa miaka ya 1990. Serikali ilipopiga marufuku korosho ghafi kuuzwa nje mwaka 2009, mkulima alikuwa ameshaizoea bei ya broka.

Kilifi, iliyotupita bila kelele

Ukitaka kuona mji wa Pwani uliosonga, usiende Malindi wala Diani. Shuka Kilifi. Zamani tulipita pale tukingoja feri na kununua korosho. Daraja lilifunguliwa mwaka 1991. Lakini daraja pekee halikuufanya mji. Mwaka 1989 ulianza utafiti wa KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na shirika la Wellcome la Uingereza katika hospitali ya Kilifi, na leo ni kituo kinachoajiri wanasayansi, wauguzi, madereva na wakusanya takwimu. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Pwani kikapata hati yake kamili. Mwaka huo huo ugatuzi ukaanza, Malindi iliyokuwa na wilaya na manispaa yake ikaingizwa Kaunti ya Kilifi, na ofisi kuu zikaketi Kilifi mjini.

Vitu hivyo vitatu vinalipa Mei. Mwanafunzi anapanga chumba masika na kiangazi. Mtafiti anakula samaki Jumanne. Karani wa kaunti anakopa sako na kujenga. Kisha watalii nao wakaja, kwa sababu mji wenye mikahawa inayofunguliwa mwaka mzima unapendeza kuukalia. Pale Kilifi utalii ulifuata mishahara. Sisi Malindi tumengoja nusu karne mishahara ifuate utalii.

Ningechagua hivi

Kwa Malindi, shilingi ya kwanza ya kaunti iende kwenye biashara inayogusa kinachotoka hapo tayari. Ningeanza na barafu na chumba cha baridi kwenye mialo, maana mama karanga anayenunua samaki saa nne na kulazimika kumaliza kuuza kabla ya jua kuchwa hana nguvu ya bei, na mvuvi anayemtegemea hana pia. Samaki huyo akifika Nairobi akiwa baridi, sokoni City Market ana bei nyingine. Kisha usindikaji mdogo wa maembe, nazi na korosho, si kiwanda kimoja kikubwa cha kusubiri Rais aje kukifungua, ila mitambo michache karibu na Ganda, Kakuyuni na Jilore inayoweza kubadilisha zao. Na ya tatu, tugombee taasisi: tawi la chuo, mafunzo ya uuguzi, hospitali ya rufaa, hata mahakama zaidi. Mahakama Kuu iko Malindi, na wakili mwenye kesi hulala hotelini mvua inyeshe isinyeshe.

Utalii usifukuzwe, ila pesa ya umma iende tu kwenye kitu ambacho mkazi naye anakitumia: taa za barabarani, kuzoa taka, njia za wazi za kushuka pwani, mitaro. Matangazo wayalipe wenye hoteli.

Uamuzi huu ni wa Malindi. Watamu ningeipa jibu la kinyume. Ni mji mdogo, maji yake hayafikiwi sana na tope la Sabaki, kasa na matumbawe ndiyo mtaji wake, na kila kiwanda kikubwa pale kitaharibu kuliko kitakavyolipa. Pale Gede, mradi wa Kipepeo tangu 1993 umekuwa ukiwalipa majirani wa msitu wa Arabuko-Sokoke kwa kufuga vipepeo na kuuza pupa (vipepeo kabla hawajatoka kwenye ganda) nje ya nchi. Hiyo ni biashara inayohitaji msitu ubaki umesimama. Lamu, yenye mji mkongwe ulioingizwa orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 na bandari iliyofunguliwa 2021, haina tena uhuru wa kuchagua. Inabidi ijifunze kudai fidia na nafasi za kazi.

Na kwa vyama vyetu vya hapa Nairobi vinavyotaka kununua ploti tujenge fleti za wageni wa mapumziko: vyumba vya aina hiyo ni vingi kutoka Kilifi hadi Malindi, na usiku mwingi viko tupu. Mkijenga, jengeni nyumba ambayo mwalimu au muuguzi anaweza kuipanga Aprili hadi Juni. Jiko la kweli, tangi kubwa la maji, stima ya tokeni kwa kila mlango, na msahau bwawa. Kama hesabu haitoki bila bwawa, basi mradi unategemea Desemba peke yake.

La mwisho ni la tarehe, maana tunalipuuza kila mwaka. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unapelekwa bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na mradi usiokuwa ndani yake ni vigumu kuuchomeka baadaye. Waraka wa mkakati wa fedha unafuata kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Vikao vya kutoa maoni hufanyika siku za kazi, sisi tukiwa Nairobi, lakini maoni ya maandishi yanapokelewa. Andikeni Julai, mtaje wadi na mradi kwa jina, na mfuatilie kwa mwakilishi wenu mpaka mwone mstari wenyewe kwenye waraka.